Taa ya Nne

Kabla jua halijachomoza nilikuwa nimeshapiga deki jikoni mara mbili, na jiko lenyewe lilikuwa safi tangu jana. Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Hebu kaa chini, mama watoto. Unanizungusha kichwa."

"Nitakaa tume ikishaniachia."

Tume ilikuwa inachunguza ndege iliyoanguka wiki tatu nyuma ikitua kwenye ukungu. Watu thelathini na mmoja walikufa, rubani akiwa mmoja wao. Mimi ndiye mpimaji wa hali ya hewa pale uwanjani. Ukungu ukishuka napanda juu ya paa, nasimama kwenye alama ya rangi nyeupe, nahesabu taa za njia ya kutua ninazoziona. Zikifika kumi, ndege inaruhusiwa. Zikiwa tisa, inageuzwa iende kwingine. Hakuna mashine ya kazi hiyo, ni macho yangu na simu ya kwenda mnarani kwa waongoza ndege, basi.

Ila taa ya nne ilikuwa imeungua kwa miezi mitatu. Sisi wapimaji tukajizoesha: hesabu unazoziona, ongeza moja. Haikuandikwa popote, tuliambiana tu kwenye ngazi tukipokezana zamu.

Asubuhi ya ajali niliona tisa. Kwa mazoea nikaongeza moja, bila kutazama kama pengo la taa ya nne bado lipo, nikaandika kitabuni, nikapiga simu. "Kumi." Baadaye injini ikapita juu ya kichwa changu, chini mno, nikajiuliza huyu vipi leo? Kikafuata kishindo. Mpaka sasa mlango ukibamizwa naruka.

Jioni ya siku hiyo ndipo mume wangu aliponiambia. Yeye ni fundi umeme wa uwanja huohuo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ile taa niliibadilisha jana, giza likiingia. Nilirudi umeshalala. Nilitaka upande uikute inawaka."

Miezi mitatu nilimsumbua kwa taa hiyo. Nilimwita mvivu mbele ya mama yake mzazi, na watu wakacheka.

"Habari ya kuongeza moja tume haiijui," alisema sasa, akiinuka, viatu vimeshafungwa. "Na mimi sikuandika kwenye kitabu cha mafundi. Ukifungua mdomo tumekwisha wote wawili. Rubani alishuka mno, basi. Marehemu hafukuzwi kazi wala hafungwi."

Nilimchukia kwa maneno yale, na nilijichukia zaidi kwa sababu usiku kucha nami nilikuwa nikijiambia hayohayo.

Nje ya chumba cha tume palikuwa na benchi refu, na mtu mmoja tu amekaa: mama yake rubani. Wengine wote walisimama mbali naye, wamempa mgongo. Nilikwenda mpaka dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Kaa, mwanangu," aliniambia. "Utachimba sakafu."

"Siwezi kukaa, mama."

"Wanasema alikuwa na haraka ya kutua." Alitikisa kichwa. "Yule? Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, nikadhani amehamia humo."

Alicheka peke yake, akafuta macho kwa kiganja. Nilitamani anitukane.

Wakaniita. Mume wangu alikuwa ameshaingia, amekaa nyuma na mashahidi wengine, hanitazami. Mama naye akaja akasimama mlangoni. Nilijikaza kisabuni.

"Asubuhi ya ajali uliona taa ngapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Tisa."

Aligeuza kitabu changu cha vipimo kuelekea kwangu. "Hapa umeandika kumi. Si mwandiko wako huu?"

"Ni wangu. Niliandika kumi. Niliona tisa."

Nikaeleza yote, taa iliyoungua, moja tuliyokuwa tukiongeza, na kwamba asubuhi ile taa hiyo ilikuwa imeshatengenezwa nami sijui. Kalamu za makarani zilisimama. Kule mlangoni nilimsikia mama akitaja jina la mwanawe, taratibu, mara mbili.

"Na hiyo taa ya nne," alisema mwenyekiti, "nani aliitengeneza bila kuandika popote?"

Niligeuka. Mume wangu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mume wangu," nikasema. "Alitaka kunifurahisha."