Wifi Kanuna Mtoni Godavari

Boti iligeuzwa tena. Nukaratnam aliuona mlima uliokuwa kulia ukihamia kushoto, akajua wanarudi kulekule walikotoka. Akakibana kifuani kifuko chake cha mchele.

"Tunarudi! Mzee Pentayya, hawa watu wana akili kweli? Harusi ni kesho mchana!"

"Bwana mkubwa Tatarao anasema jua halikumkaa vizuri usoni," alijibu Pentayya, mzee mwenye kilemba chekundu cha kukodi. "Ati kipande kirudiwe sasa, halafu tulale hapahapa, kirudiwe tena asubuhi. Anataka kupigwa. Mimi ningempiga sasa hivi, tena bila kamera."

Sitaha nzima ya chini ikaangua kicheko. Walikuwa wapandikiza mpunga, wachoma matofali na wavuta majahazi, waliozolewa vijijini wajifanye msafara wa harusi katika filamu ya watu wanaopanda mto Godavari. Hawakuahidiwa kikubwa: wali wa ukwaju, na kwamba boti itawafikisha Bhadrachalam wawahi harusi ya miungu Rama na Sita, inayofanywa hekaluni kila mwaka. Sitaha ya juu kulikuwa na viti, feni na kahawa ya moto. Nchi ni ileile, hata ikielea majini.

Nahodha Gangaraju alichungulia kutoka kwenye usukani. "Jamani, mimi nasema mapema. Mto umekauka, mbele kuna mafungu ya mchanga, na gizani siyaoni. Tukiondoka sasa hivi tunafika. Tukilala hapa, harusi mtaisikia kwa majirani."

Nukaratnam alikipapasa kifuko chake. Mchele ule haukupita kinuni wala mashineni. Aliumenya kwa kucha, punje moja moja, kwa sababu mchele wa kumwagiwa sanamu za Rama na Sita vichwani haufai kuvunjika. Mama yake, Gavaramma, aliumenya vivyo hivyo kila mwaka. Na kila mwaka mwenye mashamba, baba wa huyuhuyu Tatarao, alisimama mlangoni na kusema: "Nipe nikupelekee. Kule wananijua mimi." Akaenda nao, akautoa kwa jina lake, akarudi na shada la maua shingoni. Gavaramma alikufa, maiti yake ikachomwa kando ya mto, bila kuiona Bhadrachalam hata kwa mbali. Siku hizi watu husema ya zamani yasahauliwe. Chunguza vizuri: wanaosema hivyo ndio waliovaa mashada.

Mwaka huu mchele ungefika mkononi mwa mwenye kucha. Nukaratnam alikuwa ameapa hivyo mbele ya moto wa mama yake.

"Kila mtu mahali pake!" direkta alipiga kelele kwa kipaza sauti. "Kipande cha kununa!"

Katika harusi za kwao, upande wa bwana harusi lazima unune. Sababu haikosekani: kahawa imepoa, mkeka mfupi, tambuu haina karafuu. Wakishanuna hawali, hawacheki, hawainuki, na ngoma hailii, mpaka baba wa bibi harusi asimame mbele yao ameunganisha viganja kifuani, aulize wanataka nini, na akitoe. Na katika wanunaji wote hakuna wa kuogopwa kama wifi, dada wa bwana harusi. Katika filamu hii wifi alikuwa Nukaratnam. Baba wa bibi harusi alikuwa Tatarao mwenyewe. Yeye ndiye aliyeigharamia filamu, akajipa na nafasi hiyo, kwa vile alikuwa anaupenda sana mustachi wake.

Kamera ikaanza kuvuma. Pentayya akaonja kahawa, akaitema majini kama alivyofundishwa. Msafara wote ukaketi chini kwa kishindo, ukageuza nyuso. Tatarao akashuka ngazi taratibu, jua likimwangaza, na nyuma yake Indumati, nyota wa filamu, katika vazi jekundu la bibi harusi, amebeba sinia lenye sari ya hariri.

"Wifi yangu," Indumati alisema kwa sauti ya kubembeleza, "usininunie. Unataka nini?"

Hapo Nukaratnam alitakiwa acheke, achukue sari, ainuke. Hakuinuka.

"Nataka Bhadrachalam," alisema.

Direkta aliyapekua maneno ya kipande chake. Hayakuwamo.

"Kata! Mama wewe, ni sari! Chukua sari!"

"Sari kaa nayo. Mimi wifi nimenuna. Boti ing'oe nanga sasa hivi, iende, au siinuki hapa mpaka mto ukauke wote."

Pentayya alimtazama, macho yakamwaka. Akakiweka kilemba vizuri. "Na mimi mjomba wa bwana harusi nimenuna!" alinguruma. "Kahawa ni mbaya kweli, hilo nalo mjue!"

"Na sisi tumenuna!" ikapokea sitaha nzima. Waliokuwa wameanza kusimama wakaketi tena, boti ikayumba, vikombe vya juu vikagongana.

Tatarao alicheka cheko la mdomo tu. "Nyie, huu ni mchezo. Inukeni. Nitawashusha wote hapo mchangani, mrudi kwa miguu!"

"Tushushe, bwana mkubwa!" Pentayya alimjibu. "Sura zetu zimo katika kila kipande ulichokwisha kupiga. Kesho msafara wa bwana harusi utauokota wapi, ndani ya sufuria?"

Upande wa pili wa maji boti ya mahujaji ilikuwa imepunguza mwendo ili wamtazame Indumati. Nao walikuwa watu wa harusi, hawakuhitaji kuelezwa.

"Wifi kanuna!" mwanamke mmoja alipiga kelele kule. "Baba wa bibi harusi, mpe anachotaka!"

"Anabana huyo! Mustachi mkubwa, mkono mfupi!"

"Binti huyo ataolewa na nani, mwenye baba kama huyo?"

Vigelegele vya dhihaka vikavuka maji. Nahodha Gangaraju akapiga honi, na hakuna aliyemtuma. Mpiga picha, aliyeambiwa akate, alikuwa bado ameinama kwenye kamera yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Tatarao akamgeukia Indumati amsaidie. Yule binti akaliweka sinia chini, akavua viatu, akaenda kuketi ubavuni mwa Nukaratnam.

"We binti, wewe ni upande wangu!"

"Nimeshaolewa, baba," alisema Indumati. "Wifi akinuna, na mimi nanuna naye."

Wengine walilala sitahani kwa kucheka. Shingo ya Tatarao ilivimba. Alitazama boti ya mahujaji, akatazama kamera, akatazama zile nyuso zote zilizompa kisogo. Kisha viganja vyake vikainuka, polepole, vikagusana kifuani.

"Wifi," alisema, "inuka. Tunakwenda."

"Sijasikia."

"Tunakwenda Bhadrachalam! Sasa hivi!"

Nukaratnam akasimama. Injini ikanguruma, ngoma zikaanza kulia bila direkta kuziomba, na boti mbili zikakimbizana kuelekea mafungu ya mchanga huku watu wakishindana kwa matusi ya harusini, mkwe huyu mnene, mkwe yule hana meno, na watu wakirushiana ndizi juu ya maji. Jua lilikuwa bado halijazama walipoyaona majengo ya Bhadrachalam, na kelele iliyotoka botini ingeweza kuwaamsha mamba.

Kesho yake ule umati wa harusi ulikuwa kama mto mwingine. Karibu na lango la hekalu, penye vikapu vya kupokelea mchele, Nukaratnam alisikia mtu akimgusa begani. Ni Tatarao, amevaa nguo nyeupe, amenyoosha mkono.

"Nipe nikupelekee," alisema. "Kule wananijua mimi."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesalimia. Hakujua hata kwamba maneno hayo yalikuwa na umri.

"Bwana mkubwa," Nukaratnam alimwambia, "leo watanijua mimi."

Akampita. Akasukumwa, akasukuma, akakanyagwa, akafika. Mpokea mchele aliyesimama kikapuni akauliza, wa nani? Nukaratnam akakifungua kifuko kwa vidole vyenye kucha zilizolika, akamimina mwenyewe mpaka punje ya mwisho.

"Wa Gavaramma!" alipaza sauti, na ngoma za saa sita, za kutangaza harusi, zikalipuka.