Mguu wa Mama Wamwona Daktari

Jana mchana usingizi ulinipitia nimeshika simu, nikaota nimempeleka mama kwa daktari bila kutoka sebuleni. Huduma yenyewe, ya daktari kwa simu, inaitwa Tabibu Chapuchapu. Chapuchapu yao ni kusubiri zamu siku kumi na moja, na siku zote hizo mguu wa mama unavimba kutoka kisiginoni kwenda juu, wenyewe haulali wala haumwachi mama alale.

Ndotoni simu inakohoa kidogo, inaanza kusema kwa sauti ya karani aliyechoka na watu. "Weka sehemu inayouma mbele ya kamera. Sehemu isiyouma isubiri nje."

Basi mguu wa kulia wa mama unajichomoa gotini, unarukaruka mpaka kwenye kiti, unakaa. Mama anautazama kutoka kitandani. "Siwatu mwanangu," ananiambia, "uvishe hata soksi, unakwenda kwa watu."

Nauvisha. Nikigeuka, sebule imekuwa ukumbi wa kusubiri, na viti vimejaa viungo vya watu: matumbo mawili, koo, na sikio linalolalamika kwamba halisikii likiitwa. Wenye viungo hawaruhusiwi kuingia. Eti ndiyo maendeleo. Upuuzi mtupu, umepakwa rangi tu.

Mguu unaitwa. Daktari ni duara linalozunguka, kama lile la simu inayotafuta mtandao, limevaa koti jeupe. Nafungua mdomo nieleze.

"Hapa anasema mgonjwa tu, mama," duara linanikata. Linaugeukia mguu. "Habari za leo?"

Mguu huu naujua tangu kuzaliwa kwangu. Umelelewa Pangani, kwa watu wenye adabu zao, na haujapata kumjibu mtu vibaya. Unaivuta soksi yake vizuri, unasema, "Nzuri, mwanangu. Za kwako?"

"Nzuri. Nyumbani wazima?"

"Wazima."

Muhuri unashuka: MZIMA.

"Hiyo ni salamu tu," nasema. "Kwetu mtu husalimiwa kwanza, ndipo aseme linalomuuma. Mama huyu hata akiwa anakata roho atakujibu nzuri."

"Mfumo umeuliza, mgonjwa amejibu."

"Na wewe huuoni ulivyofura? Hata vidole havionekani."

"Kuona ni huduma nyingine, mama."

Naunyakua mguu nimrudishie mwenyewe. Simu inanizibia njia mlangoni: mguu mzima haurudishwi kwa mgonjwa, ni kinyume cha utaratibu. Hapo natukana. Natukana matusi ambayo sikujua kama nayajua, na sijutii hata moja. Simu inasikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa maoni yako," inasema.

Nikazinduka. Simu sina mkononi. Nikaikuta chumbani kwa mama, ameishika kwa mikono miwili, amefurahi.

"Daktari wako kapiga," akasema. "Ulikuwa umelala, nikakuonea huruma. Kijana wa watu, ana adabu kwelikweli. Kaniuliza hali, nikamwambia njema. Akashukuru, akakata."

"Na mguu, mama? Hukumwambia mguu?"

"Hakuuliza, mwanangu. Ningeanzaje?"

Nikaichukua simu. Ujumbe ulikuwa umeingia dakika tatu nyuma: mgonjwa amethibitisha kuwa ni mzima, faili limefungwa, nafasi nyingine ni baada ya mwezi mmoja.

Nikafunua khanga. Uvimbe ulikuwa umeshavuka goti.