Leso Ikiwa Mlangoni

Kwa ploti yao pale Gitothua kulikuwa na sheria moja ambayo landlord hakuwahi kuiandika popote: leso ikining'inia nje ya mlango, ujue ndani kuna mtu wa night amelala. Watoto wakiiona wanahamisha mpira upande wa choo. Mwenye redio anapunguza. Hata mwenye kugombana na bwanake anagombana chinichini. Na mlango uliokuwa na leso karibu kila siku, ile ya kijani iliyopauka na jua, ulikuwa wa kina Tabby, kwa sababu mamake, Magdalene, alikuwa anafanya kazi ya usiku kwa kiwanda cha nyuzi kule Eneo la Viwanda, Thika. Anarudi asubuhi wenzake wakienda kazi, analala mpaka jioni, anakunywa chai, anaenda tena.

Kwa hivyo Tabby alikua akinong'ona. Hakuna mtu alimfundisha. Alizoea tu, vile mtu mrefu anazoea kuinama kwa mlango mfupi.

Shida ikaja na oral. Mwalimu Kaloki, wa Kiingereza Form Three, alisema kila mmoja atasimama mbele ya darasa aongee kwa Kiingereza kuhusu kitu kimoja cha nyumbani kwao. Dakika chache tu, lakini bila karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa nyuma kabisa, kando ya dirisha, na asipokusikia anainua mkono. Haongei, anainua tu. Mkono ukikataa kushuka, unaketi, halafu Ijumaa unarudia kwa parade, shule nzima ikikuangalia. Term iliyopita mkono ulikataa kumshukia Tabby, na Ijumaa ilipofika akasema anaumwa na tumbo. Safari hii mwalimu alikuwa ameshamwambia mapema kwamba tumbo halitasaidia.

Kuandika hakukumsumbua. Aliandika juu ya ile leso, vile ploti nzima inanyamaza ili mama mmoja alale. Alipenda vile ilianza, In our house we are quiet, na akaishika yote kichwani haraka kuliko alivyodhani. Kuisema ndio ilikuwa kazi. Kila jioni akitoka shule anaweka maji ya chai kwa meko, anasimama akiangalia ukuta, na mamake yuko hapo nyuma ya pazia. Anasema yote mpaka mwisho bila kukosea hata neno, kwa kunong'ona. Akimaliza anasikia mwili umechoka kama ametoka kufua mablanketi.

Jirani yao Leila, ambaye walisoma naye darasa moja, aliamua kumsaidia. Leila alikuwa na sauti ya kuita wateja, kwa sababu wikendi alikuwa anauza viatu vya mtumba na babake. Jumamosi akamsimamisha Tabby kwa kamba za nguo, yeye akaenda mpaka kwa geti, akainua mkono kama Kaloki. Tabby akaanza. Mkono ukakaa pale pale juu mpaka Leila mwenyewe akachoka, akaubadilisha na ule mwingine. Alirudi akimwambia anaongea kama simu inaisha chaji.

"Mum amelala," Tabby akasema.

"Usimsingizie mathe yako. Hata akiwa kazini wewe huongea hivyo hivyo."

Ilikuwa ukweli.

Jumapili jioni, kesho yake ikiwa ndiyo zamu yake ya kusimama, alikuwa kwa meko akijaribu tena. Maji yakachemka, akashika kifuniko bila kitambaa, kikamchoma, akakiachilia. Kikaanguka kwa simiti, na sufuria mbili zilizokuwa pembeni zikafuata. Nje watoto walinyamaza ghafla. Jirani akagonga ukuta akiuliza kama wako salama. Tabby akakimbia nyuma ya pazia kuomba msamaha.

Mamake alikuwa amelala kwa ubavu, anapumua polepole. Hata kope haikucheza.

Tabby alisimama hapo kwa miguu ya kitanda. Akasema sentensi yake ya kwanza kwa kunong'ona. Akairudia kwa sauti ya kawaida. Akaongeza sauti. Vitu vingine vikaanza kumjia kichwani: vile mamake hujibu "eeh" kwa kila kitu, vile humwambia geuka nikuone kabla hajamaliza kuongea, vile siku hizi simu ikilia humpatia yeye ndio ashike. Alikuwa akidhani ni uchovu. Sasa akaisema oral yake yote, mpaka mwisho, kwa sauti ambayo hakujua anayo, na kila sentensi alikuwa anatumaini itamwamsha.

Haikumwamsha. Kilichomwamsha ni Tabby kuketi kwa kitanda kikatingika. Magdalene akafungua macho, na hakumwangalia macho, alimwangalia mdomo.

"Mum, unanisikia?"

"Nakusikia, mami."

Tabby akageuza uso kwa ukuta, akauliza vile vile, kwa sauti ile ile. Kimya. Aliporudisha uso, mamake alikuwa bado anamngoja.

Magdalene akaketi, akafunga kitambaa chake kichwani taratibu, kama mtu anatafuta pa kuanzia. "Ni mashine," akasema mwishowe. "Huko ndani hakuna anayesikia mwenzake, tunasomana tu midomo. Masikio yamechoka. Yatapumzika."

Tabby akamuuliza kama ameenda hospitali. Akasema ataenda akipata off, vile alikuwa anasema juu ya kila kitu. Halafu akamshika mkono.

"Usiambie watu wa hapa. Wengine tunafanya kazi na wao, na mimi niko kwa kontrakti."

Akaomba chai. Akiwa anakunywa akauliza ni nini ilimleta Tabby nyuma ya pazia, akaambiwa alikuwa anajaribu kusema ile ya shule, akataka kuiona. Tabby akapiga magoti mbele yake akaisema polepole, akifungua mdomo vizuri. Kiingereza kingine kilimpita Magdalene, lakini ilipofika pale ploti inanyamaza ili mama alale, alitabasamu.

"Ni ukweli hiyo," akasema. "Watu wa hapa wako na heshima."

Tabby akaokota sufuria, akaziosha.

Asubuhi aliitwa kabla ya kina Leila. Alikuwa amefikiria njia yote kubadilisha kitu, lakini hakuwa na kingine kichwani. Akasimama mbele. Kule nyuma Mwalimu Kaloki alikuwa ameshaweka kiwiko kwa meza, mkono tayari.

"In our house we are quiet," Tabby akasema, na sauti ikafika dirishani na kupita.

Darasa likacheka, kwa vile alisema ya kunyamaza akipaza sauti namna hiyo. Mkono wa mwalimu ukaanza kupanda kwa mazoea, ukakaa hewani kidogo, ukashuka kuchukua kalamu. Tabby akaendelea mpaka mwisho, macho kwa ukuta wa nyuma. Alipomaliza mwalimu alisema Ijumaa yake iko salama, halafu akataka kujua term iliyopita alikuwa ameificha wapi sauti hiyo.

"I don't know, sir," akasema, akaketi.

Leila akamgusa bega kutoka nyuma. "Wewe leo umeamsha mathe yako mpaka Gitothua."

Tabby alijaribu kucheka. Aliweka kichwa kwa dawati na hakukiinua mpaka kengele.

Jioni leso ya kijani ilikuwa mlangoni. Watoto walikuwa wameshapeleka mpira upande wa choo, na kasichana kamoja kakajiwekea kidole mdomoni, kumkumbusha. Tabby akakaitikia kwa kichwa. Akavua viatu nje, akafungua mlango polepole, akaweka maji ya chai. Kifuniko akakishika kwa mikono miwili, akakilaza juu ya sufuria bila kukiliza.