Kiazi Kisichotaka Kuliwa

Bi Kazija wa Mtambile alianza kukiheshimu kile kiazi siku kilipomvimbisha midomo. Mumewe, Nyange, alikichimbua katika msitu wa Ngezi alipokwenda kukata boriti, akakileta begani, kikubwa kama chungu cha wali wa watu wanane. Kazija akamega kipande, akachemsha, akaonja. Siku tatu alizungumza kwa vidole.

"Kitupe," alisema Nyange.

Kazija akatikisa kichwa. Kitu kinachokataa kuliwa, aliwaza, kina shughuli yake nyingine. Akakipanda uani karibu na mshelisheli, kile kishimo chake cha kuchipulia kikitazama juu.

Kila mwaka kilitoa jani moja. Moja tu! Lilisimama juu ya bua lenye madoadoa kama chatu, likajitandaza mfano wa mwavuli, kisha likanyauka. Mwaka wa kwanza alilihurumia, akalimwagilia; kiazi kikaoza ubavu. Akakifukua, akakata palipooza, akapaka majivu ya jikoni, na akajifunza: kikilala, kiache kilale.

"Ni kama mume," alimwambia jirani yake Mwatum. "Ukimwamsha ovyo, utajuta."

Nyange akafariki. Swali likabaki na mjane: hiki kiazi huchanua? Na kikichanua, huchanua nini?

Mwaka 1938, mvua za masika zikikaribia, akaja Shaame, ndugu wa marehemu, na kamba ya kupimia. Uwanja ule waliurithi pamoja, na nyumba zao zilitazamana. Alitaka sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu, pale pale karibu na mshelisheli.

"Shemegi, hapo kuna mgeni kalala," Kazija alisema.

"Mgeni gani? Mimi naona udongo."

"Si kajifunika!"

Shaame hakucheka. "Mhamishe. Mafundi waja Jumatatu. Wakimkuta hapa, watamjengea juu."

Kazija akafukua kwa ncha ya kidole. Chipukizi lilikwisha kuanza, laini kama ufizi wa mtoto. Kulihamisha sasa ni kulivunja shingo. Akarudisha udongo taratibu. Ijumaa lilichomoza, nene kuliko miaka yote, na halikufanana na jani hata kidogo. Alikwenda kulichungulia mara saba, wali ukaungua.

Jumapili asubuhi uvundo ukawaamsha wote.

Sasa, Shaame alikuwa na sifa moja Mtambile nzima: akichota karafuu gao moja la kiganja, akanusa, anakwambia imekauka au bado, na hakosei. Akasimama uani, akainua kichwa, akavuta pumzi.

"Komba. Kafia darini kwangu. Siku tatu."

"Una hakika, shemegi?"

"Pua hii?"

Akaita vijana wawili wakabandua makuti. Nusu ya paa ilikuwa chini, na komba hakuonekana, Kazija aliposikia nzi wanavuma upande wa mshelisheli. Akaenda mbio mbio.

Kumbe chipukizi lilikuwa ua, nalo limefunguka. Kikombe kipana cha rangi ya damu iliyoganda, na katikati yake mchi mnene umesimama. Nzi waliingia kwa furaha kama walioalikwa karamu. Kazija akabana pua, akaugusa mchi. Ulikuwa moto! Moto wa mtu mwenye homa.

"Mwatum! Njoo uguse! Lina joto!"

Shaame alikuja nyuma yao, makuti nyweleni. Akatazama ua, akatazama paa lake, akatazama tena ua.

"Hiki ndicho komba wangu?"

"Ndiye huyo, shemegi. Hana mkia tu."

Mwatum alicheka hadi akakaa chini. Shaame alikuwa anawaza jambo jingine. Karafuu huvuta harufu. Nani atanunua karafuu zinazonuka mzoga?

"Litanuka hivi kila mwaka?"

"Wallahi sijui. Hata mimi ndiyo kwanza naliona."

Jumatatu mafundi waliimwaga saruji upande wa pili, karibu na kisima. Jumatano ua lilikuwa limelegea na uvundo umekwisha kabisa. Shaame akalijia juu, mikono kiunoni.

"Siku tatu tu! Na sakafu yangu ishakauka kule!"

"Uliniuliza miaka, shemegi. Siku hukuuliza."

Alifungua kinywa ajibu, jicho likamteleza ndani ya kikombe kilichonyauka. Akachutama. Chini ya mchi palijipanga vishanga vidogo vya kijani, vimebanana kama punje za hindi.

"Kazija. Hivi ni nini? Mbegu?"

"Sogea huko," alisema Kazija akipiga magoti, "nami nione."