Kigasha cha Anselmo

Kabla hapajapambazuka, Petrona Lajuj alisikia mswaki ukisugua jikoni, taratibu, kama wa mtu mwenye meno mengi. Alijifunga shali akatoka. Kando ya jiko alikuta mumewe Anselmo ameketi, akisugua mfupa wa kigasha chake juu ya beseni la mahindi. Askari walipomchukua, mtoto wao wa mwisho alikuwa bado tumboni. Sasa mtoto huyo ana ndevu.

"Huo mswaki ni wangu," Petrona alisema.

"Najua. Ndio laini."

"Na beseni lina chokaa ya kulowekea mahindi. Itakula huo mfupa!"

"Haya, mama watoto. Miaka yote hii, na salamu yangu ndiyo hiyo?"

Petrona alimwaga maji ya chokaa, akasuuza beseni, akamtilia maji ya uvuguvugu kwa kuwa alimwona anatetemeka. Ndipo akamuuliza kwani huko Jiji la Guatemala, kwa wale wataalamu wa mifupa waliomfukua, hawamwoshi.

Walikuwa wanamwosha, tena vizuri. Binti mmoja, Ofelia, alitumia maji matupu na brashi laini, akaweka chujio chini ya bomba asipoteze hata jino, akamwanika kivulini, maana mfupa uliolowa hupasuka juani. Fuvu lake alilipakata kiganjani kama kichwa cha kichanga, na kila alipogusa palipovunjika alisema pole. Lakini waziri alikuwa anakuja kukabidhi majeneza mbele ya kamera, na amri ilitoka kwamba mifupa yote ilowekwe kwenye klorini ipate kung'aa.

"Klorini itakula alama hii, ndiyo maana nimeutorosha mkono," Anselmo alisema, akamwonyesha mkato kwenye kigasha, mahali alipokinga panga.

Petrona alilijua lile panga. Lilikuwa la Celso Iboy, mkuu wa mgambo enzi zile za vita, ambaye leo ndiye mwenye mashine ya kusaga ya kijiji kizima. Kesi yake ilikuwa karibu, na hapakuwa na shahidi mwingine.

"Lete hapa. Unajisugua kama unafua gunia."

Alimwosha yeye mwenyewe, polepole, akitoa udongo kwenye mkato kwa ncha ya kijiti cha mwanzi, mpaka kahawa ikachemka. Anselmo hakuinywa, ila aliinusa kwa muda mrefu.

Waziri alikuja, akapigwa picha na mifupa myeupe kama sukari. Ofelia alilia ndani ya barakoa yake.

Siku ya kesi, Anselmo aliketi mahakamani kando ya mkewe, kofia magotini. Hakimu alikitazama kigasha kwa lenzi, akakubali kwamba ule ni mkato wa panga, na kwamba mwenye mkono alikuwa ameuinua kujikinga. Akamuuliza Anselmo ni nani aliyemkata.

"Celso. Yule pale anayejikuna shingo."

"Hujambo, Anselmo," Celso alisema. "Umekonda."

Wakili wa Celso alisimama. Alisema marehemu hawezi kutoa ushahidi, kwa kuwa sheria inamtambua kama marehemu. Halafu akaonyesha kwamba mifupa mingine yote ya mtu huyu ni myeupe na laini, na kigasha hiki kina rangi ya asali. Nani atathibitisha kuwa ni vya mwili mmoja?

"Ni mkono wangu," Anselmo alisema.

"Mzee, tafadhali," alisema hakimu, na kigasha kikaondolewa kwenye ushahidi. Ofelia alipaza sauti kwamba mifupa ile ilipaushwa kwa amri. Aliambiwa akae. Celso alirudi nyumbani kwake kabla ya chakula cha mchana, na alasiri ile ile mashine ilinguruma, wanawake wakapanga foleni na ndoo zao, kwa kuwa watoto lazima wale.

Mazishini Ofelia alikuja kwa basi akiwa na kigasha, hakutumwa na mtu. Alikilaza kigasha juu ya mbavu nyeupe, akampisha Petrona.

Petrona aliinama juu ya sanduku, akamwekea mumewe kofia.

"Njoo tena, Anselmo," alisema, bila kupunguza sauti, na Celso alikuwa amesimama pale pale na shada la maua. "Na safari hii uje na wenzako."