Mguu Usiokandwa

"Mguu usikandwe, mama. Hata kidogo." Daktari Rina alirudia neno hilo mara mbili katika hospitali moja ya Kitale, na Sellah akaitikia.

Kidonda chake cha muundi kilikuwa kimekataa kupona tangu sukari imshike, na habari ya kukata mguu ilikuwa imeshatajwa. Kabla ya kisu, daktari alitaka kujaribu jambo moja. Walitoa seli kwenye mafuta ya tumbo lake, wakazitia chembe ndogo kupita vumbi la unga, zinazong'aa zikimulikwa na taa yao, kisha wakazirudisha kwa sindano kandokando ya kidonda. Zikikaa hapo bila kusukumwa na mikono, huenda zikasaidia nyama kuota. Zikihama zenyewe, dawa imeshindwa na mguu unaenda. Siku hiyo Sellah alijiona kwenye skrini: nukta za kijani zimezunguka kidonda kama vimulimuli kando ya mto. Machozi yakamtoka.

Nyumbani Kamukuywa, Phelista, dada ya marehemu mumewe, alifika kutoka Kabuchai na kuku kwapani. Hata hakukaa. Aliinjika maji, akatia chumvi.

"Wifi, daktari amekataa."

"Daktari ni mtoto wa juzi! Ati mguu wa mtu uachwe baridi kama wa maiti? Kaka yangu angeniuliza nini?"

"Phelista, si nimekwambia..."

"Nyoosha mguu, bana. Kwani mikono yangu inauma?"

Kukataa mikono ya dada ya mume ni kama kukataa ukoo mzima. Sellah alinyoosha. Maji yalikuwa matamu, na vidole vya Phelista vikapanda kutoka muundini hadi gotini mpaka usingizi ukamchukua.

Walirudi Kitale pamoja. Taa ilipowashwa, kidonda kilikuwa giza. Mwanga ulikuwa umetawanyika huko juu, karibu na goti.

Daktari Rina alimgeukia Sellah. "Mama, kuna mtu alikanda huu mguu? Kama hakuna, basi zimehama zenyewe. Itabidi tukate."

Phelista alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameinamia viatu vyake. Tangu matanga ya kaka yake, yeye tu ndiye hakuacha kuja. Sellah aliwaza aseme aliteleza bafuni.

"Nilikandwa," akasema mwishowe. "Wifi yangu alinikanda, kwa mapenzi. Mimi ndiye nilinyoosha."

"Basi tutarudia," daktari alisema taratibu. "Mara moja tu. Na siwezi kuahidi."

Wakarudia. Jumapili iliyofuata Phelista alikuja Kamukuywa kutoka kanisani. Aliinjika maji kwa mazoea, akasimama kuyaangalia yakichemka, kisha akatia majani ya chai. Alimpa wifi yake kikombe, akaketi mbali na ule mguu, mikono ameikalia.

"Sasa mimi nifanye nini hapa?"

"Ongea tu, wifi. Niambie ya Kabuchai."