Damu ya Waliobaki Macho

Kila Aneth alipopiga simu nyumbani Makanyagio, mjini Mpanda, kaka yake Gervas alimsimulia maji aliyoyaota. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine hanywi apendavyo, na mkewe Sikujua alimpimia maji ya siku nzima kwenye kikombe cha mtoto. Basi Gervas alikunywa usingizini. Aliota Mto Katuma umepanda hadi kwenye matawi, naye amelala chali chini yake, mdomo wazi, anakunywa na mto haupungui.

"Leo nimefika hadi mchanga," alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Aneth alikuwa mtafiti wa vinasaba huko Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta, ndani ya damu za watu, kwa nini figo za ukoo mmoja hufa mapema na za majirani zao hudumu hadi uzeeni. Baba yao ndiye aliyemtia kwenye njia hiyo bila kujua. Mzee alikufa amevimba miguu na uso, na huko kwao Kasansa watu walinong'ona kwamba amerogwa. Aneth, akiwa binti wa sekondari, aliusikia mnong'ono huo ukipita kati ya waombolezaji, na haukumtoka tena.

Kaka alipougua, Aneth alisimama siku ya Krismasi mbele ya mama yao, Dafrosa, akasema figo yake moja ni ya Gervas. Mama aliimba. Tangu siku hiyo nyumbani walilizungumzia jambo hilo kama shamba lililokwisha kulimwa, lisubirio mvua tu.

Halafu, kabla ya kwenda kwa madaktari, akapima damu yake mwenyewe. Maabara ilikuwa imetulia, majokofu yananguruma polepole, mwanga wa mchana umelala mezani. Kwenye kompyuta aliona kile alichozoea kukiona kwa wagonjwa wake. Ile jeni inayochosha figo alikuwa nayo mara mbili, nakala moja ya baba na moja ya mama. Si kila mwenye mbili huugua. Wapo wanaozeeka nazo salama. Lakini hakuna daktari ambaye angemruhusu kutoa figo na kubaki na moja ambayo nayo huenda siku moja ikamwangusha.

Alisafiri hadi Mpanda akiwa na habari hiyo mdomoni, na hapo mdomoni ikakaa. Mama alikuwa ameshanunua vitenge vya kumpeleka navyo hospitali. Gervas alikuwa amekonda, ngozi imekuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa yale yale. Alimwomba dada yake jambo moja tu.

"Kabla hawajatukata, nipeleke Kasansa nikamwone shangazi."

Wakaazima gari la jirani. Baada ya Sitalike, walipokwisha kuvuka Katuma, barabara iliingia msituni. Joto lilikuwa limeweka utando wa maji ya uongo mbele yao, ukirudi nyuma kila walipousogelea. Ndorobo, wale mbung'o wa porini, waliingia kupitia dirisha lisilofunga vizuri. Gervas alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo, na ndorobo mmoja akatua juu ya mkono wake, pale mishipa ilipovimba kwa sindano za mashine. Aneth alisimamisha gari, akamfukuza yule mdudu taratibu kwa upande wa kanga, asimwamshe kaka yake. Lakini Gervas alifumbua macho.

"Nilikuwa naota," alisema.

"Maji?"

"Hapana. Naota umelazwa, wanakukata, na mimi ndiye nimewashikia taa. Kila nikitaka kuizima, mkono haunyanyuki." Akajipangusa jasho. "Hiyo ndoto inanijia sana. Sikutaka kukuambia kwenye simu."

Msitu ulikuwa kimya, isipokuwa wale wadudu. Aneth alitazama usukani, maneno yakatoka yenyewe. Alimwambia yote: jeni, nakala mbili, madaktari watakavyosema.

Gervas alimshika mikono yote miwili.

"Basi mimi nimeponyoka kwenye ile taa," alisema. "Lakini wewe, mdogo wangu? Wewe utaumwa?"

"Sijui, kaka. Huenda nisiumwe kabisa."

"Hukuwa na haja ya kubeba hilo peke yako toka Dar."

Hapo ndipo Aneth alipolia, naye Gervas alimwacha alie, huku akiwafukuza ndorobo kwa ajili ya wote wawili.

Kasansa waliikuta imezama kwenye utulivu wa alasiri. Shangazi Pudensiana alikuwa anapembua mpunga barazani. Walimwamkia, wakapewa viti, na baada ya kuulizana hali wakamweleza kilichowaleta. Shangazi alisikiliza bila kuacha ungo. Gervas alipotaja ndorobo wa njiani, ndipo ungo ulipotua.

"Hao wadudu ndio walituhamisha," alisema. "Bibi yangu alikuwa msichana ugonjwa wa malale ulipoingia. Alisema kijiji kilikuwa kinasinzia kama kimelewa. Mtu anatia tonge mdomoni, analala nalo. Mama anasinzia, mtoto ameng'ang'ania ziwa. Yeye na mama yake tu ndio walibaki macho. Waliumwa na ndorobo kama wenzao, lakini usingizi haukuwashika. Wakawa wanafumba macho ya waliokufa, hadi serikali ya Waingereza ilipokuja kuwahamisha watu wote kutoka porini."

"Watu waliwaonaje?" Aneth aliuliza.

"Watawaonaje, mwanangu? Walisema ni wachawi. Hufi wewe tu, kwa nini?"

Kwa miaka Aneth alikuwa akisoma na kuandika juu ya jambo hilo, na hakuwahi kulisikia likiwa na sura ya mtu wa kwao. Alimweleza shangazi taratibu, akitafuta maneno mepesi. Jeni hii, ukirithi nakala moja, damu yako inaweza kuwashinda vijidudu vya malale. Ukirithi mbili, figo zako zinaweza kuchakaa kabla ya wakati.

"Kwa hiyo ndugu yangu hakurogwa," shangazi alisema.

"Nadhani hakurogwa, shangazi. Nadhani alirithi kwa waliobaki macho, pande zote mbili."

Shangazi aliuinua tena ungo, lakini hakupembua. Alitazama mbali, midomo ikitembea kama anayesalimiana na watu ambao wengine hawakuwaona.

Waliporudi Makanyagio, Aneth alimwambia mama. Mama Dafrosa alikaa chini kwenye mkeka, akasema, "Kumbe ni mimi niliyewapa," na Aneth akakaa naye muda mrefu, akimweleza kwamba hakuna mtu anayechagua cha kumpa mtoto wake katika damu. Wote walikuwa wamemsahau Sikujua, aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Na mimi je?" alisema.

Walimgeukia.

"Nyie mmehesabu ndugu zenu wote. Mimi hamkuniuliza hata kundi la damu, kwa sababu ni mtu wa kuja, watu wetu walikuja huku juzi juzi na ng'ombe wao. Lakini mume ni wangu."

Gervas alifunika uso kwa viganja.

Vipimo vilichukua miezi, na mara mbili vilikaribia kukwama. Damu ya Sikujua ilikubaliana na ya Gervas, na ile jeni hakuwa nayo hata nakala moja. Wakakatwa siku moja, vyumba viwili jirani. Aneth alikaa kati yao kwenye korido, na muda wote ule alihisi anaelea, hajui ni asubuhi au jioni, hadi muuguzi alipomgusa bega na kusema mkojo umetoka, figo mpya inafanya kazi.

Gervas alirudi kazini, kwenye mashine yake ya kukamua alizeti Mpanda, baada ya kupumzika vya kutosha. Aneth naye alianza kupima figo zake kila mwaka, na kwenye mapumziko aliwatembelea. Siku moja aliwakuta mume na mke wameketi juu ya gunia la alizeti katikati ya banda, vumbi la maganda likielea kwenye mwanga, wanacheka hadi machozi.

"Tunasubiri mtu wa kulibeba," Sikujua alisema. "Tumekatazwa vizito wote wawili."

Aneth akawaashiria wasogee, wakampisha, akaketi nao.